Tumbo la Kukazwa: Uende Sasa au Ungoje Kilo Zitulie?

Ikifika Septemba, watu huanza kuhesabu wiki. Harusi ya ndugu ni Desemba, zamu ya chama imefika, pesa ziko benki, na operesheni ya kukaza tumbo ikifanywa sasa hivi, wiki sita za kupona zitakuwa zimekwisha kabla msafara wa kwenda mashambani haujaanza. Kisha unaketi mbele ya daktari pale Upper Hill au Parklands, Nairobi, anapitia karatasi zako, anasema: "Mama, kilo zako bado zinapanda na kushuka. Rudi tuonane baada ya miezi sita."

Hapo wengi humtafuta daktari mwingine asiyeuliza maswali. Na hawakosi kumpata. Basi tuziweke njia hizi mbili pamoja, ya kwenda sasa na ya kungoja uzito utulie, tuone kila moja inakupa nini na inakudai nini. Msimamo wangu nautoa mapema: walio wengi wangoje. Lakini wapo ambao kuwaambia wangoje ni kuwatesa bure, na hao nitawafikia.

Kisu kinaondoa nini hasa

Katika operesheni hii ngozi hukatwa kutoka nyonga moja hadi nyingine, chini kabisa, pale ambapo chupi inaweza kuficha mshono. Ngozi pamoja na mafuta yake huinuliwa hadi karibu na mbavu. Misuli ya katikati ya tumbo, ambayo mimba huwa imeitenganisha, hushonwa ikutane tena. Kisha ngozi huvutwa chini, ya ziada ikakatwa, na kitovu kikatokezwa kupitia tundu jipya. Ni kazi ya saa mbili hadi nne hivi, ukiwa umepigwa nusu kaputi. Mara nyingi utaamka ukiwa na mirija ya kutoa maji ubavuni, na vazi la kubana ambalo utalivaa kwa wiki kadhaa.

Kilo zinazoondoka ni chache kuliko watu wanavyodhani. Kwa mama wa kawaida aliyejifungua mara mbili tatu, huenda zikawa moja, mbili au tatu. Kwa hiyo anayetaka kutoka kilo 95 hadi 75 kwa njia ya kisu ameingia mlango usio wake.

Tena kuna mafuta ambayo kisu hakiyagusi kabisa, yale ya ndani yanayozunguka utumbo na ini. Hayo ndiyo yanayoleta kitambi kigumu cha mbele. Jipime mwenyewe nyumbani. Lala chali, ulegeze tumbo, utulie kidogo. Likilala bapa au kuzama chini ya mbavu, na ukibana kwa vidole unashika mkunjo wa ngozi laini, basi shida yako kubwa ni ngozi na misuli, na hapo kisu kina kazi ya kufanya. Likibaki limeinuka hata ukiwa umelala, yaliyo ndani ndiyo yanayolisukuma. Daktari akishona misuli juu ya hayo, mishono inavutika, au tumbo linabanwa hadi kupumua kunakuwa taabu, na bado ukisimama upande utaonekana duara. Mafuta ya ndani huondolewa na chakula, mwendo na wakati mwingine dawa. Afadhali ni kwamba mara nyingi yanakuwa miongoni mwa ya kwanza kuondoka mtu anapoanza kupungua, ndiyo maana kilo tano za mwanzo huonekana sana kwenye mkanda wa suruali.

Daktari makini atakufanyia kipimo hicho hicho kitandani mwake. Atakuambia uinue kichwa huku umelala, apitishe vidole katikati ya tumbo juu na chini ya kitovu, apime mwanya kati ya misuli. Ukizidi sentimita mbili hivi, misuli imetengana. Kisha atakuambia usimame na uiname mbele, aone ngozi inaning'inia kiasi gani. Kama umekutana na mtu aliyekupa bei kabla ya kukushika tumbo, hata kwa WhatsApp, jua bei hiyo si ya tumbo lako.

Ukienda sasa

Faida yake ni ya kweli, sitaidharau. Aliyelibeba tumbo hilo miaka kumi, akapitia mikanda ya kubana, leso za kufunga baada ya uzazi na chai za kila aina, ana haki ya kuchoka. Pesa ikikaa muda mrefu hupata kazi nyingine: karo, matanga, injini ya gari. Likizo kazini nayo haipatikani kila mwezi.

Tatizo ni kwamba daktari hukata kwa kipimo cha siku ile. Ukipungua kilo kumi baadaye, mafuta yaliyobaki chini ya ngozi yatapungua na ngozi italegea upya, safari hii ikiwa na kovu refu chini yake. Kuirekebisha ni kurudi chumba cha upasuaji. Ukinenepa, seli za mafuta zilizobaki zitajaa, ngozi iliyokwisha kuvutwa ivutwe tena, kovu lipanuke. Na kwa kuwa chini ya kitovu seli nyingi zimeshaondolewa, unene mpya hujitokeza zaidi kwingine: tumbo la juu, mgongoni, kiunoni, mapajani. Ndiyo ile nyama uzembe inayohamia sehemu ambayo hukuwahi kuilalamikia.

Kuna na upande wa hatari, na hapa kilo zina uzito kuliko umbo. Kadiri BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) inavyopanda juu ya 30, ndivyo uwezekano unavyoongezeka wa kidonda kufunguka, kuingia wadudu, maji kukusanyika chini ya ngozi, na damu kuganda miguuni. Bonge la damu likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Madaktari wengi hupenda mgonjwa wa urembo awe chini ya 30, na akifika 35 wengi humkatalia. Tuchukue mama mwenye urefu wa mita 1.62. Akiwa na kilo 84, BMI yake ni 32. Akiwa na kilo 78, ni chini kidogo ya 30. Kilo sita hizo hazitamfanya mwembamba wa picha, lakini zinambadilishia mazungumzo yake na daktari wa nusu kaputi.

Haraka ina mtego mwingine ambao watu hawauoni. Mtu akiambiwa apungue, hurudi nyumbani akaishi kwa supu ya kabichi na maji ya limau kwa wiki tano, akafikisha kilo alizoambiwa, akaenda kupasuliwa akiwa anazunguzungwa. Kidonda cha nyonga hadi nyonga hujengwa kwa protini na damu yenye nguvu. Aliyefika pale akiwa na upungufu wa damu na mwili unaokula akiba yake anaweza kupona pole pole kuliko mwenzake aliyemzidi kilo nne lakini anakula maharagwe, mayai na samaki wake bila wasiwasi.

Na ile hesabu ya Desemba: hatari ya damu kuganda haiishi siku unapotolewa mirija, inakaa nawe wiki kadhaa. Kuketi saa nane kwenye basi la Kisumu au la usiku la Mombasa, magoti yamekunjwa, si kupona. Hata kutoka hospitali hadi nyumbani, matuta ya mtaani utayajua moja baada ya jingine.

Ukingoja

Uzito uliotulia maana yake nini? Kwa kawaida madaktari hutaka miezi sita hadi kumi na miwili ambamo mizani haijatikisika zaidi ya kilo mbili tatu huku na huku. Kilo moja ya leo na kesho haina maana. Ni maji, ni chumvi ya nyama choma ya jana, ni hedhi inayokaribia. Kinachotafutwa ni mwelekeo. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, ukishatoka msalani na kabla ya chai, kwa mizani ile ile. Zile za kando ya barabara mjini, unavua viatu mwenye mizani akikuambia kilo zako mbele ya watu, ni nzuri kwa kucheka na wenzako, lakini ya leo Tom Mboya na ya kesho Kawangware hazilingani. Chagua moja, hata kama ni ya duka la dawa la mtaani kwenu, ushikamane nayo.

Wengi wanaoambiwa wangoje husikia "ngoja hadi uwe mwembamba." Sivyo. Uzito unaotakiwa ni ule unaoweza kuishi nao ukiwa mtu wa kawaida, unayekula chapati Jumapili, unayekosa mazoezi wiki mvua ikinyesha, unayefika nyumbani saa mbili usiku kwa sababu ya foleni ya Thika Road. Kilo 78 zilizokaa miezi minane zina thamani kuliko kilo 68 ulizozishika wiki mbili kwa njaa. Kisu kinapaswa kuukuta mwili wako wa kila siku. Mwili wa Januari, mwezi ambao ukumbi wa mazoezi umejaa hadi mashine zinapangiwa foleni, haukuwakilishi.

Ndiyo maana kwa maoni yangu miezi sita ikiwa na Desemba ndani yake ni bora kuliko sita isiyo nayo. Aliyepita Krismasi mashambani, akachinjiwa mbuzi, akarudi Nairobi na kilo zake zile zile au zaidi kwa moja tu, ameonyesha jambo ambalo hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kulionyesha. Hivyo aliye na harusi Desemba ningemwambia acheze harusi, ale pilau, kisha ajipime katikati ya Januari.

Kungoja pia si kukaa bure. Huo ndio muda wa kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo kuhusu misuli iliyotengana; baadhi ya akina mama hupata nafuu hadi wanabadilisha mawazo kuhusu operesheni. Ni muda wa kupima damu, sukari na presha na kuzirekebisha. Ni muda wa kuacha sigara, angalau wiki nne kabla ya kisu, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya tumbo iliyoinuliwa tayari imepoteza sehemu ya damu yake. Ikikosa zaidi hufa na kuwa nyeusi. Shisha imo humo humo. Ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini sote tunajua bado inavutwa.

Gharama ya kungoja ipo. Kuna kukata tamaa, kuna bei kupanda, kuna wale wanaopungua hadi ngozi inaning'inia zaidi na kujiona wabaya kuliko walivyokuwa wanene. Hili la mwisho ni la kawaida mno na halisemwi. Mtu amepunguza kilo ishirini, badala ya kufurahi analia mbele ya kioo. Hapo ndipo operesheni inapokuwa na maana kubwa kuliko kote, na ndipo inapouma zaidi kusubiri miezi ya mwisho.

Sindano, upasuaji wa utumbo, na uzazi

Kwa anayetumia sindano za kila wiki kama Ozempic, swali halikomei kwenye kilo alizofikia. Linahusu pia atakachofanya baadaye. Utafiti mmoja mkubwa wa dawa hiyo, semaglutide, uliochapishwa 2022, uliwafuata watu kwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano: walirudisha takriban theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Kwa hiyo kama unapanga kuiacha kwa sababu ya bei, iache kwanza uone mizani itasimama wapi, kabla hujakatwa. Kama unaendelea nayo, mwambie daktari wa upasuaji na wa nusu kaputi waziwazi. Dawa hii huchelewesha chakula tumboni. Unaweza kuwa umefunga usiku kucha na bado tumbo lina kitu, kikapanda na kuingia mapafuni ukiwa usingizini. Wapo wanaoificha kwa aibu ya kuambiwa hawakupungua "kwa jasho lao". Hii si siri ya kwenda nayo chumba cha upasuaji.

Waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula huendelea kupungua kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hao wangoje muda huo upite, na pia wapimwe madini ya chuma, vitamini B12 na protini, kwa kuwa mara nyingi hupungukiwa.

Uzazi nao hauna mjadala mrefu. Kama unataka mtoto mwingine, ngoja. Operesheni haizuii mimba wala haimdhuru mtoto, lakini mimba itaivuta tena ngozi na misuli uliyolipia. Baada ya kujifungua, mpe mwili angalau miezi sita, na uwe umemwachisha mtoto ziwa. Anayenyonyesha hadi miaka miwili hesabu yake inaanzia hapo. Njahi na uji wa mzazi vina kazi yake, na kilo vilizoleta haziondoki kwa siku arobaini. Halafu kuna jambo la kimatendo: kwa wiki sita hutaruhusiwa kubeba kitu kizito, na mtoto wa miaka miwili ana kilo kama kumi na mbili na haelewi neno "mshono". Kama hakuna dada wa kazi wala nyanya wa kukaa nawe, hata uzito uliotulia hautakusaidia.

Na kunyonya mafuta tu?

Ndiyo njia ya tatu inayouzwa kama ya kati: matundu madogo, kupona haraka. Inafaa aliye karibu na uzito wake, ngozi yake bado inavutika na kurudi, mwenye vifuko vichache vya mafuta visivyosikia mazoezi. Haikazi ngozi iliyolegea na haishoni misuli. Kwa ngozi ya mimba tatu, kunyonya peke yake kunaweza kuacha tumbo limelegea kuliko mwanzo. Pia haitibu unene: kiasi cha lita tano kwa mara moja ndicho mpaka unaotajwa sana kwa usalama, na katika utafiti mdogo wa Marekani wa 2004, wanawake 15 wanene walionyonywa mafuta mengi hawakupata nafuu ya presha wala ya jinsi mwili unavyotumia insulini. Mafuta ya ndani yalikuwa bado yapo.

Pesa

SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hailipii urembo, na bima za binafsi kwa kawaida pia hazilipi. Unatoa mfukoni, na kwa hospitali za Nairobi hizo ni laki kadhaa. Jambo moja tu la kulinganisha: unapoambiwa bei, uliza kama marekebisho yamo. Hata daktari akikusamehe ada yake ya kurudia, chumba cha upasuaji, dawa za usingizi na kitanda vitalipiwa upya. Ukienda kabla ya wakati, unaweza kujikuta umelipa mara mbili kwa tumbo moja.

Wasiohitaji kungoja

Wa kwanza ni mwenye ngiri, hasa ya kitovu, inayouma. Hiyo ni tiba, si urembo, na ina ratiba yake. Ikivimba ikawa ngumu, hairudi ndani, ukaanza kutapika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wa pili ni yule ambaye ngozi inaning'inia hadi mapajani, chini ya mkunjo kuna ukurutu, vidonda na harufu isiyoisha licha ya dawa. Kuna upasuaji wa kuondoa ngozi hiyo tu, bila kushona misuli, ambao daktari anaweza kuukubali hata kwa mtu mwenye uzito mkubwa, akishapima hatari zake. Hautakupa kiuno, lakini utakupa ngozi kavu.

Wa tatu ndiye ninayemtetea zaidi. Ni mama aliyekaa kilo 76 tangu mwaka juzi, presha yake nzuri, hana mpango wa mimba, lakini anaendelea kujizuia kwa sababu aliambiwa na rafiki kwamba lazima kwanza afike 65. Huyo ameshangoja. Mizani yake imetulia. Kinachomrudisha nyuma ni namba ya mtu mwingine. Tumbo lake likilala bapa akiwa chali, na daktari akiridhika na vipimo, sioni anachosubiri.

Siku ya kwenda

Beba daftari la kilo za miezi yote, hata za ule mwezi uliopanda ukaona haya kuziandika. Beba orodha ya dawa: za presha, za kupanga uzazi (zenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu), sindano, hata mitishamba. Mwonyeshe daktari makovu yako ya zamani. Kama sikio lililotobolewa liliota keloidi, na kovu hili la nyonga kwa nyonga linaweza kuota, na lina mwaka mmoja au zaidi wa kukomaa. Mshono wa kujifungulia, ukiwa nao, kwa kawaida huingia ndani ya mkato mpya.

Kabla ya kulipa hata shilingi, angalia jina la daktari kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni, kama leseni ni ya mwaka huu na kama kweli ni mtaalamu wa upasuaji wa plastiki, kisha uangalie kama kituo chenyewe nacho kina leseni. Mwishoni mwa 2024 habari za mwanamke aliyefariki baada ya upasuaji wa urembo jijini zilijaa kwenye magazeti na simu zetu, na kwa wiki chache kila mtu alikuwa akiuliza maswali haya. Uliza pia nani atakupiga nusu kaputi, kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi karibu, na nani atapokea simu yako saa nane za usiku mguu mmoja ukivimba. Na ukiulizwa umekaa na kilo hizi kwa muda gani, mfungulie daftari.